Mzinga wa Nyuki Una Mwenyewe? Historia ya Miundo ya Mizinga na Haki za Fundi na Mfugaji

Ukishika barabara ya Kaptagat kutoka mjini Eldoret, au ukipanda kuelekea Ainabkoi na Timboroa penye misitu, hutakosa kuona mizinga ya nyuki. Mingine ni magogo yaliyochongwa na kuning'inizwa juu ya miti. Mingine ni ya mbao, mirefu, iliyopanuka juu na kuwa nyembamba chini, imefungwa kwa waya kati ya nguzo mbili. Mingine ni masanduku ya mraba yaliyopangwa moja juu ya jingine, yamepakwa rangi. Shamba moja linaweza kuwa na aina zote tatu, na pengine mwenye shamba hajui kila moja ilitoka wapi.

Kwa mfugaji, tofauti hizo ni suala la asali na kazi. Kwa fundi seremala anayetengeneza mizinga ya kuuza, kuna swali jingine: Je, nikiunda mzinga wa Langstroth nitashtakiwa na mwenye ubunifu wake? Na je, nikibuni mzinga wangu mwenyewe, nitazuiaje mwingine asiuige?

Jibu fupi la swali la kwanza ni kwamba hutashtakiwa. Mzinga wa gogo, mzinga wa vibao vya juu unaojulikana kama KTBH, na mzinga wa kawaida wa Langstroth ni miundo ambayo mtu yeyote nchini Kenya anaweza kuitengeneza na kuiuza bila kumlipa wala kumwomba ruhusa mtu yeyote. Jibu la swali la pili ni refu kidogo. Ili lieleweke vizuri, yafaa kwanza tujue mizinga hii ilivumbuliwaje na waliovumbua walipata nini.

Mzinga wa gogo: ujuzi wa wazee

Ufugaji wa nyuki ni kazi ya kale. Michoro katika hekalu la mfalme Niuserre huko Misri, lililojengwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, inaonyesha watu wakitoa asali katika mizinga iliyolazwa chini. Mzinga wa gogo wa Afrika Mashariki nao hulazwa vivyo hivyo. Katika eneo letu, jamii za Wanandi, Wakeiyo, Wamarakwet, Watugen na Waogiek wamefuga nyuki katika magogo kwa vizazi vingi. Mti uliopendwa ni mwerezi, ambao Wakalenjin huuita tarakwet, kwa kuwa hauozi upesi na hausumbuliwi sana na wadudu.

Mzinga wa gogo una sifa zake. Ubao wake ni mnene, kwa hiyo usiku wa baridi wa nyanda za juu hauwaumizi nyuki. Hauhitaji misumari wala vipimo. Nta yake ni nyingi, kwa sababu masega yote hutolewa pamoja na asali.

Kasoro yake ni moja kubwa. Nyuki hushikanisha masega na ukuta wa mzinga, kwa hiyo huwezi kutoa sega moja ukalitazama na kulirudisha. Ili upate asali ni lazima ukate, na mara nyingi unakata pia masega yenye majana, yaani watoto wa nyuki. Kundi hudhoofika au huhama. Zaidi ya hayo, mzinga huwekwa juu mtini, na mrinaji hupanda usiku akiwa na mwenge wa moto. Watu wameanguka, na moto wa kurina asali umewahi kuteketeza misitu.

Jambo moja la kukumbuka: hata bila sheria ya maandishi, wazee walijua kwamba mzinga una mwenyewe. Miongoni mwa Wakamba, kwa mfano, mizinga ilitiwa alama za ukoo, na kuiba asali katika mzinga wenye alama ya mwingine lilikuwa kosa zito. Lakini alama hiyo ililinda mzinga na asali yake. Haikulinda namna ya kuchonga. Jirani alikuwa huru kutazama na kwenda kuchonga wa kwake. Tofauti hiyo kati ya kumiliki kitu na kumiliki wazo la kitu ndiyo msingi wa mambo yote yatakayofuata.

Watu waliotaka kufungua mzinga bila kuuharibu

Ulaya nako tatizo lilikuwa lile lile. Wafugaji walitumia magogo na vikapu vya nyasi, na wengi waliua nyuki ili wapate asali. Kwa muda mrefu, kila aliyejaribu kuunda mzinga mpya alikuwa akitafuta jibu la swali moja: masega yatatolewaje yakiwa mazima?

Mwaka 1682, msafiri Mwingereza George Wheler alichapisha kitabu kuhusu safari yake nchini Ugiriki. Humo alieleza mizinga aliyoiona karibu na Athens: vikapu vilivyokandikwa udongo, vipana juu na vyembamba chini, vikiwa vimefunikwa kwa vijiti vilivyopangwa sambamba. Nyuki walijenga sega moja chini ya kila kijiti, na kwa kuwa kuta za kikapu zililala kwa mteremko, hawakuyashikanisha sana masega na kuta. Mfugaji aliinua kijiti kimoja, na sega likaja nacho. Wagiriki wa kawaida, ambao majina yao hatuyajui, walikuwa wamekwisha kutatua nusu ya tatizo. Tutakutana tena na kikapu hicho, mara hii hapa Kenya.

Mwishoni mwa karne ya 18, Mswisi François Huber, ambaye alikuwa kipofu na akitegemea macho ya msaidizi wake François Burnens, alitengeneza mzinga uliofunguka kurasa kwa kurasa kama kitabu. Ulifaa kwa uchunguzi, ila kwa kazi ya kila siku shambani ulikuwa na usumbufu. Mwaka 1814 Petro Prokopovych wa Ukraine alitumia fremu za mbao zinazotolewa. Baadaye Jan Dzierzon, kasisi wa eneo la Silesia, aliunda mzinga wa vibao vinavyotoka. Wote walisogea mbele, lakini nyuki waliendelea kuziba nafasi kwa gundi yao na kushikanisha fremu na kuta.

Milimita chache zilizobadilisha kazi

Aliyetatua nusu iliyobaki ni mchungaji wa kanisa huko Marekani, Lorenzo Langstroth, aliyezaliwa Philadelphia mwaka 1810. Alikuwa amegundua kwamba akiacha nafasi ndogo kati ya kifuniko na vibao vya juu, kifuniko hakigandi. Nyuki hawakuijaza nafasi hiyo. Mwaka 1851 akajiuliza: je, nafasi hiyo hiyo ikiachwa kuzunguka fremu pande zote, itakuwaje?

Ikawa kama alivyotarajia. Nafasi iliyo kati ya milimita 6 na 9 hivi, nyuki huiacha wazi kama njia ya kupitia. Ikiwa nyembamba zaidi huiziba kwa gundi. Ikiwa pana zaidi hujenga sega ndani yake. Leo huitwa nafasi ya nyuki, na ndiyo sababu fundi wa mzinga wa Langstroth hawezi kukadiria kwa macho. Akikosea kwa milimita tano tu, mnunuzi atakuwa na sanduku la bei ghali linalofanya kazi kama gogo.

Langstroth alipata hataza, ambayo wengi huiita patenti, nambari 9,300 ya Marekani, tarehe 5 Oktoba 1852. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu cha kuwafundisha wafugaji. Baadaye kidogo vikaja vifaa vilivyokamilisha mfumo wake: karatasi ya nta yenye alama za vyumba vya sega, iliyobuniwa na Johannes Mehring wa Ujerumani mwaka 1857, na mashine ya kuzungusha masega ili asali itoke bila sega kuvunjika, iliyobuniwa na Franz von Hruschka mwaka 1865. Sega likarudishwa mzingani, nyuki wakaanza kulijaza upya bila kupoteza asali kwa kutengeneza nta nyingine.

Alipata nini mwenye hataza?

Hapa ndipo penye funzo kwa mafundi wetu. Mzinga wa Langstroth ulienea duniani kote, lakini mwenyewe hakutajirika. Mafundi wengi walitengeneza mzinga wake bila kumlipa. Wengine walibadilisha kitu kidogo, wakachukua hataza zao wenyewe na kuuza kama uvumbuzi mpya. Katika karne hiyo ofisi ya hataza ya Marekani ilitoa mamia ya hataza za mizinga. Langstroth alipojaribu kudai haki yake, wapinzani walitaja majina ya Huber, Prokopovych na wengine, wakidai kwamba fremu za kutoka zilikuwepo kabla yake. Mashauri yalimla fedha na afya. Alikufa mwaka 1895 akiwa na heshima kubwa lakini bila mali ya kulingana na jina lake.

Kisa chake kinatufundisha mambo matatu ambayo bado ni kweli chini ya sheria ya Kenya leo.

Kwanza, hataza hulinda kile tu kilicho kipya. Fremu ya kutoka haikuwa mpya; kipya kilikuwa namna ya kutumia ile nafasi. Anayedai zaidi ya alichovumbua hujifungulia mashauri.

Pili, hataza hailindwi na polisi. Mwenye hataza ndiye anayepaswa kumfuatilia anayemwiga na kugharamia kesi.

Tatu, hataza ina mwisho. Wakati wa Langstroth muda wa kawaida ulikuwa miaka 14. Ukiisha, uvumbuzi huwa mali ya wote. Aidha, hataza ya Marekani ina nguvu Marekani tu. Ndiyo maana fundi wa Eldoret anayetengeneza mzinga wa Langstroth leo hana deni kwa yeyote.

Mzinga uliopewa jina la Kenya

Mzinga wa Langstroth ulipoletwa Afrika Mashariki ulikutana na hali tofauti. Ulihitaji mbao zilizopigwa randa kwa kipimo kamili, karatasi za nta na mashine ya kuzungusha masega, na vyote hivyo vilikuwa ghali. Nyuki wetu nao ni wakali kuliko wa Ulaya na huhama upesi wanaposumbuliwa. Mzinga ukifunguliwa juu wote kwa mara moja, kundi zima huruka.

Katika miaka ya 1960, Tredwell na Paterson walifanya majaribio hapa Kenya ya mzinga wenye vibao vya juu. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Guelph cha Kanada, akiwemo Gordon Townsend na Maurice Smith, wakishirikiana na Wizara ya Kilimo ya Kenya kwa ufadhili wa serikali ya Kanada, waliuendeleza na kuueneza. Wazo la msingi lilikuwa lile la kikapu cha Kigiriki: kuta zenye mteremko, vibao vilivyopangwa sambamba juu, na sega moja kwa kila kibao. Ukaitwa Kenya Top Bar Hive, kwa kifupi KTBH, na kwa jina hilo unajulikana hadi leo katika nchi nyingi duniani. Majirani zetu wa Tanzania nao wana wa kwao wa vibao, wenye kuta zilizosimama wima.

Uzuri wa KTBH ni kwamba kipimo kimoja tu ndicho kisichoruhusu makosa: upana wa kibao cha juu, ambao kwa nyuki wetu ni milimita 32. Huo ndio umbali wa kutoka katikati ya sega moja hadi katikati ya sega linalofuata kwa nyuki wa Kiafrika. Sehemu nyingine zinaweza kutengenezwa kwa mbao za mabaki. Vibao vikiwa vimebanana hufanya paa, kwa hiyo mfugaji hufungua nafasi ya kibao kimoja tu na nyuki wengine hubaki gizani wakiwa watulivu. Mzinga huning'inizwa kwa waya kwenye usawa wa kiuno, mahali ambapo nyegere na siafu hawafiki kwa urahisi.

Usawa huo wa kiuno ulileta badiliko ambalo halikuwa kwenye ramani. Kupanda mti usiku ilikuwa kazi ya wanaume. Mzinga uliposhuka chini, akina mama na wazee nao wakaweza kufuga nyuki, na vikundi vingi vya wanawake vikaanza.

Je, mtu angeweza kuchukua hataza ya mzinga huo hapa Kenya wakati ule? Si moja kwa moja. Mpaka mwishoni mwa miaka ya 1980 Kenya haikuwa na ofisi ya kutoa hataza zake yenyewe. Mvumbuzi alilazimika kwanza kupata hataza ya Uingereza, ndipo aisajili hapa. Seremala wa Turbo au Moiben mwaka 1972 angehitaji wakili London kabla ya kulinda kitu alichokibuni chini ya mti wake. KTBH ulienezwa kama elimu ya umma, ramani zake zikachapishwa katika vijitabu vya mafunzo. Hata kama ungekuwa na hataza wakati ule, muda wake ungekuwa umekwisha kitambo.

Sheria ilivyo sasa

Sheria ya kwanza ya Kenya yenyewe kuhusu mali ya kiviwanda ilipitishwa mwaka 1989. Inayotumika sasa ni ya mwaka 2001, na inasimamiwa na taasisi ya kitaifa iitwayo KIPI, yenye makao Nairobi. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 40, inaitaka serikali iunge mkono na kulinda haki za ubunifu za wananchi. Kwa mtu wa mizinga, kuna njia nne zinazomhusu.

*Hataza.* Hutolewa kwa uvumbuzi ulio mpya, usio wa dhahiri kwa fundi mwenye ujuzi wa kazi hiyo, na unaoweza kutumika viwandani au shambani. Hudumu miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha ombi, mradi ada za kila mwaka zinalipwa. Ada zisipolipwa, hataza hufa mapema.

*Modeli ya matumizi.* Hii ni hataza ndogo. Kifaa lazima kiwe kipya na chenye kutumika, lakini hakihitaji kuwa cha kuwashangaza wataalamu. Hudumu miaka 10 na haiongezwi. Kwa mafundi wengi wa jua kali, hii ndiyo njia inayowafaa, kwa kuwa kazi yao mara nyingi ni kuboresha kifaa kilichopo.

*Usajili wa umbo la bidhaa.* Hulinda sura ya kitu, si jinsi kinavyofanya kazi. Huanza na miaka 5, na unaweza kuongezwa mara mbili kwa miaka 5 kila mara.

*Alama ya biashara.* Hulinda jina au nembo unayoweka kwenye chupa ya asali au ubavuni mwa mzinga. Hudumu miaka 10, na unaweza kuihuisha tena na tena bila kikomo. Ni ndugu wa karibu wa ile alama ya ukoo ya wazee. Kwa kikundi kinachouza asali, mara nyingi alama ya biashara ina faida kuliko hataza, kwa kuwa mteja hufuata jina analoliamini.

Kwa anayetaka ulinzi nje ya mipaka, Kenya ni mwanachama wa ARIPO, shirika la nchi kadhaa za Afrika lenye makao Harare. Ombi moja linaweza kutaja nchi kadhaa wanachama.

Mfano: fundi na maonyesho

Tuchukue mfano wa kufikirika. Fundi wa Kapseret anabuni miguu ya mzinga yenye vikombe vya mafuta vilivyofunikwa ili siafu wasipande na mvua isiingie. Hakuna aliyewahi kuitengeneza namna hiyo. Kwa furaha anaupeleka mzinga kwenye maonyesho ya kilimo, watu wanaupiga picha, anauza mitatu. Mwaka mmoja na miezi miwili baadaye, anaona fundi mwingine akiuza miguu kama yake. Sasa ndipo anakwenda kuomba ulinzi.

Amechelewa. Uvumbuzi uliokwisha kuonyeshwa hadharani hauhesabiwi tena kuwa mpya. Sheria ya Kenya humpa mvumbuzi mwenyewe miezi 12 tangu siku alipoufichua ili awasilishe ombi. Baada ya hapo mlango umefungwa. Nchi nyingi nyingine hazitoi hata muda huo. Kama angewasilisha ombi kabla ya maonyesho, au hata miezi sita baadaye, haki yake hapa nchini ingekuwa salama.

Kuonyesha ni pamoja na kuuza, kuweka picha au video kwenye simu kwa watu wote, na kueleza kwenye baraza. Ukihitaji kumwonyesha mtu kabla ya kuomba, kwa mfano mwenye mtaji, andikianeni kwanza makubaliano ya kutunza siri.

Unapoambiwa "mzinga huu una hataza"

Kwa mnunuzi, neno hataza lisiwe la kutishia wala la kupandishia bei. Hataza haisemi kwamba mzinga ni bora. Inasema tu kwamba kuna kitu kipya ndani yake. Mzinga ambao hauna hataza yoyote, kama KTBH, waweza kukupa asali nzuri miaka mingi.

Hata hivyo, hataza zilizo hai zipo na ziheshimiwe. Mwaka 2015, baba na mwana wa Australia, Stuart na Cedar Anderson, walichangisha zaidi ya dola milioni 12 mtandaoni kwa mzinga wao uitwao Flow Hive, ambao fremu zake za plastiki hupasuka kwa ndani zikizungushwa ufunguo na asali ikamiminika nje bila mzinga kufunguliwa. Wao walichukua hataza katika nchi mbalimbali. Sanduku lao ni la aina ya Langstroth, na hilo ni la wote. Wanacholinda ni utaratibu wa fremu zile.

Kwa hiyo muuzaji akikuambia kuwa hairuhusiwi kutengeneza mzinga fulani, muulize maswali manne:

1. Nambari ya hataza ni ipi?
2. Ilitolewa na nchi gani, na je, Kenya imo?
3. Ilitolewa mwaka gani, na je, muda wake haujaisha?
4. Ni sehemu gani hasa ya mzinga inayolindwa?

Mwenye haki ya kweli atajibu bila shida. Kumbuka pia kwamba kila mwenye hataza hulazimika kueleza uvumbuzi wake kwa maandishi na michoro, na maelezo hayo huwekwa wazi kwa umma. Hayo ndiyo mapatano yenyewe: anafunua siri, naye hupewa muda wa kufaidi peke yake. Hataza zilizoisha muda ni maktaba ya bure kwa fundi anayejua kusoma mchoro.

Ujuzi wa jamii nao una sheria

Namna ya kuchagua mti, kuchonga gogo, kulifukiza kwa majani yanayovuta nyuki na kujua majira ya kurina si uvumbuzi wa mtu mmoja. Hataza haiwezi kuulinda, kwa kuwa si mpya na hauna mvumbuzi anayejulikana. Lakini tangu 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Sheria hiyo inazipa serikali za kaunti wajibu wa kusajili na kuhifadhi maarifa ya jamii zilizo ndani ya kaunti. Haki hiyo ni ya jamii, na haina kikomo cha miaka maadamu maarifa bado yanatunzwa na jamii.

Jambo hili lina haraka yake. Wazee wanaojua kuchonga na kufukiza wanapungua, na vijana wengi wamehamia kwenye masanduku. Kikao kimoja na mzee mmoja, kikiandikwa vizuri, chaweza kuokoa ujuzi ambao hakuna chuo kitakachoufundisha baada yake.

La kufanya

Kwa mfugaji anayeanza: kama huna mtaji mkubwa, anza na KTBH miwili au mitatu. Kama uko katika kikundi na mnaweza kununua pamoja mashine ya kuzungusha masega, Langstroth itawafaa. Usitupe mzinga wa gogo wenye nyuki. Ni chanzo kizuri cha makundi na nta.

Kwa fundi: unda mizinga hii bila hofu. Kwa KTBH shika milimita 32 za kibao. Kwa Langstroth shika nafasi ya nyuki kila upande wa fremu, na tengeneza fremu zote kwa kipimo kimoja ili ziingie katika mzinga wowote.

Kwa mbunifu: kabla ya kuonyesha kitu chako, andika tarehe, chora kila sehemu, eleza kinavyofanya kazi na kinatofautianaje na vilivyopo. Kisha wasiliana na KIPI uulize kama kitafaa kuwa hataza, modeli ya matumizi au umbo la bidhaa. Ukiwa umekwisha kukionyesha, hesabu miezi yako 12.

Kwa kikundi: sajilini jina na nembo ya asali yenu kabla soko halijakua.

Maswali ya ufugaji mpeleke afisa wa kilimo na mifugo wa wadi yako. Langstroth aliifahamu nafasi ya nyuki vizuri kuliko wote, lakini haki zake zilimponyoka. Fundi wetu ana nafasi ya kujua yote mawili mapema.